Hai au Si Hai? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Darasa la Tano hadi la Saba

Kwenye ratiba, mada ya viumbe hai na vitu visivyo hai huonekana nyepesi. Inapewa vipindi vichache, wanafunzi wanakariri sifa saba, na darasa linasonga mbele. Kisha mtoto mmoja ananyoosha mkono: "Mwalimu, na moto je?" Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Maswali yaliyokusanywa hapa ni ya namna hiyo. Mengi ni ya wanafunzi, mengine ni ya wazazi wanaosimamia kazi za nyumbani, na machache ni ya walimu wenzangu. Yasome kwa mpangilio wowote unaopenda, ila anza na la kwanza, maana yaliyobaki yanalitegemea.

Kiumbe hai ni nini?

Ni kile kinachofanya mambo saba kwa nguvu zake chenyewe: kujilisha, kupumua, kukua, kujongea, kuhisi mabadiliko na kuyaitikia, kuzaliana, na kutoa takamwili. Mtu, kuku, mwembe, uyoga, mwani wa baharini na bakteria wote wamo.

Juu ya hayo saba yapo mawili ambayo vitabu vya shule ya msingi huyagusa kidogo tu, ilhali ndiyo yanayomaliza ubishi mwingi. La kwanza ni seli. Kila kiumbe hai amejengwa kwa seli, iwe moja kama bakteria au matrilioni kama mtu. La pili ni urithi. Kila kiumbe hai hubeba ndani yake vinasaba, yaani maelekezo ya namna ya kujijenga na kujiendesha, na huyapitisha kwa watoto wake.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi ni huu: ukikutana na kitu chenye utata, usikimbilie kuhesabu kina sifa ngapi kati ya saba. Uliza sifa hiyo inatokeaje ndani yake. Sifa moja haijawahi kutosha, na hata tano zikionekana kwa nje bado unaweza kudanganyika.

Gari linakwenda, linatumia mafuta na linatoa moshi. Kwa nini si kiumbe hai?

Kwa sababu halifanyi lolote kati ya hayo kwa ajili ya kujijenga. Mafuta yanaungua na kuondoka. Hakuna hata tone linalogeuka kuwa bati jipya au tairi jipya. Mbuzi akila majani, sehemu ya majani hayo inakuwa nyama, mifupa na manyoya ya mbuzi. Gari likikwaruzwa linabaki na mkwaruzo hadi fundi aliguse. Ngozi ya mbuzi ikichanika inajifunga yenyewe. Halafu gari halina seli wala halizai.

Basi moto je? Moto unakula kuni, unahitaji oksijeni, unakua, unasambaa, unazaa moto mwingine na unaacha majivu.

Hili ndilo swali bora kuliko yote katika mada hii, na mtoto anayeliuliza asikatishwe tamaa kwa jibu la "moto si kiumbe, kaa chini". Ameona jambo la kweli. Mwaka 1783 Wafaransa wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, waliandika juu ya jaribio walilomweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake na kiasi cha kabonidayoksaidi alichotoa, wakalinganisha na mkaa unaowaka. Hesabu zilikaribiana. Kupumua kwa mnyama na kuwaka kwa mkaa ni ndugu: vyote vinatumia oksijeni, vyote vinatoa joto na kabonidayoksaidi. Tofauti ni kwamba seli huvunja chakula hatua kwa hatua na kuitumia nishati hiyo kufanya kazi, wakati moto huachilia yote kwa mkupuo.

Sasa tuangalie "kuzaa" kwa moto. Chukua cheche kutoka jiko la mkaa uiangushe kwenye nyasi kavu. Moto utakaotokea utawaka kama moto wa nyasi, kwa miali mirefu na moshi mwingi. Haukurithi chochote kutoka kwa moto wa mkaa. Lakini mwanambuzi, hata ukimlisha maganda ya ndizi kuanzia anapoachishwa ziwa, atakuwa mbuzi, na rangi ya mama yake au baba yake utaiona. Moto hauna maelekezo ya ndani. Hali yake yote inaamuliwa na kilichopo nje: kuni, upepo na unyevu.

Jambo jingine ni kujidhibiti. Mwili wa mtu hubaki karibu na nyuzi joto 37 iwe ni Makambako mwezi wa saba au Dar es Salaam mwezi wa pili. Moto hauna kiwango unachokitetea. Kuni zikiongezwa unapanda, zikipungua unashuka, zikiisha unazimika bila kufanya juhudi yoyote ya kutafuta nyingine.

Mwanafunzi akiweza kueleza angalau moja kati ya hayo mawili kwa maneno yake mwenyewe, ameielewa mada kuliko aliyekariri orodha nzima.

Mto, mawingu na upepo vinatembea. Je, mjongeo si sifa ya uhai?

Ni sifa, ikiwa nguvu ya kujongea inatoka ndani. Mto unavutwa na mvutano wa dunia, mawingu yanasukumwa na upepo.

Mfano mzuri wa kwetu uko Ngorongoro, karibu na Olduvai. Kuna kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mwandamo kinachohama kadiri ya mita 17 kwa mwaka. Mchanga huo ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Hubaki na umbo lake na husafiri mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba vigingi huwekwa kuonyesha ulikopita. Mtu akisimuliwa tu bila kuelezwa ni kitu gani, anaweza kudhani ni mnyama. Lakini upepo ndio unaopeperusha chembe kutoka mgongoni na kuziangusha upande wa pili. Upepo ukikoma, kilima kinatulia.

Watoto wadogo karibu wote huanza kwa kuhusisha mwendo na uhai. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget aliliandika jambo hili katika miaka ya 1920: mtoto husema jua na mwezi ni hai kwa kuwa vinakwenda. Kwa hiyo mzazi usishangae mwanao wa darasa la tano akisema hivyo. Muulize tu: "Nani anakisukuma?"

Mti hautembei. Tutajuaje kwamba unajongea na kuhisi?

Tafuta kifauongo. Kiko kando ya njia na kwenye viwanja sehemu nyingi zenye unyevu. Ukikigusa, vijani vyake hujikunja mara moja. Ukikiacha, baada ya dakika kadhaa hufunguka tena. Kinachotokea ni kwamba seli zilizo kwenye maungio ya majani hupoteza maji ghafla na kulegea. Hakuna misuli hapo, lakini kuna kuhisi, kuna kuitikia na kuna mjongeo, vyote vinafanywa na mmea wenyewe.

Mimea mingine ni ya polepole zaidi. Weka mche wa maharage ndani ya boksi lenye tundu upande mmoja, uufungue baada ya siku nne au tano. Shina litakuwa limepinda kuelekea kwenye mwanga.

Mwanafunzi wangu anasisitiza kuwa mti si kiumbe hai kwa sababu tunasema "mti umeanguka", hatusemi "mti ameanguka". Nimjibuje?

Mpongeze kwanza, maana amesikiliza vizuri somo la Kiswahili. Ngeli ya A-WA hufundishwa kama ngeli ya viumbe hai, na mimea haimo: mti uko U-I, jani liko LI-YA. Kwa hiyo mtoto anayefikiri sawasawa anaweza kufika kwenye kosa kwa njia iliyonyooka kabisa.

Mweleze kuwa ngeli ilipanga watu, wanyama na wadudu pamoja kwa sababu za lugha, na haikukusudiwa kuwa kipimo cha biolojia. Mpe mfano wa upande wa pili: tunasema "marehemu amezikwa", kwa A-WA, ingawa uhai umekwisha kutoka. Walimu wa Kiswahili na wa Sayansi wakikubaliana kulisema jambo hili mapema, makosa mengi ya mitihani yatapungua. Nimeona likirudi kila mwaka.

Mimea inakula udongo na mbolea?

Hapana. Mmea hujitengenezea chakula kwa usanisinuru, ukitumia maji, kabonidayoksaidi na mwanga wa jua. Mbolea huupatia madini machache.

Jan Baptist van Helmont, tabibu wa huko ambako leo ni Ubelgiji, alilijaribu jambo hili katika karne ya 17. Alipanda mche wa mti wenye uzito wa kilo mbili na kidogo kwenye chombo chenye udongo mkavu wa kama kilo 90, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mwishoni mti ulikuwa na kilo 76 hivi, na udongo ulikuwa umepungua gramu zisizofika 60. Yeye alihitimisha kwamba mti umejengwa kwa maji peke yake. Hakujua bado kuhusu kabonidayoksaidi ya hewani, ambayo ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya mwili mkavu wa mti. Lakini kuhusu udongo alikuwa sahihi.

Ni kweli kwamba kulala na mmea chumbani ni hatari kwa sababu usiku mimea hutumaliza oksijeni?

Mimea hupumua usiku na mchana, sawa na sisi. Mchana usanisinuru hutoa oksijeni nyingi kuliko ile mmea unayoitumia, usiku usanisinuru husimama na kupumua huendelea. Kiasi ambacho mmea wa chunguni hutumia usiku ni kidogo sana kuliko kile anachotumia mtu aliyelala kitanda cha pili. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ndilo la kuogopa, maana linatoa kabonimonoksaidi, na hiyo inaua.

Mbegu kavu ya mahindi au maharage ni hai?

Ndiyo, ikiwa bado inaweza kuota. Ndani yake kuna kiinitete, mmea mdogo kabisa uliopunguza shughuli zake hadi karibu kusimama. Inapumua, ila kidogo mno.

Wakulima wanalijua jambo hili hata kama hawalitaji hivyo. Mahindi yakiingizwa ghalani kabla hayajakauka vizuri, gunia hupata joto katikati. Ingiza mkono utalisikia. Joto hilo linatokana na kupumua: mbegu zenyewe, kuvu na wadudu waliomo. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo husisitiza mahindi yakaushwe hadi unyevu wa kama asilimia 13 kabla ya kuhifadhiwa. Unyevu ukishuka, kupumua hushuka.

Mbegu inaweza kukaa katika hali hiyo muda gani? Nyingi ni miaka michache. Lakini kokwa za mtende zilizochimbuliwa kwenye magofu ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, zilikuwa na umri wa kama miaka 2,000. Mwaka 2005 moja ilipandwa, ikaota, na mtende wake upo.

Mbegu iliyochemshwa au iliyotobolewa na wadudu hadi kwenye kiinitete haina uhai. Kwa macho zinafanana na nzima, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuziotesha kwenye pamba yenye maji.

Kamongo akijizika kwenye tope lililokauka, hali wala hatembei kwa miezi. Bado ni hai?

Ni hai. Kamongo ana mapafu, na anapojizika hujifunika kwa ute unaokauka kama mfuko, akiacha kitundu cha kuvutia hewa. Hupunguza mno kasi ya mwili wake na kuishi kwa kutumia misuli yake mwenyewe hadi mvua irudi. Sifa za uhai zinaweza kufifia kwa muda. Ukimchunguza ndani utazikuta.

Ndizi iliyokwisha kukatwa mgombani ni hai au imekufa?

Wengi hukosea hapa. Ndizi mbichi iliyokatwa leo bado ina seli hai zinazopumua, na ndiyo sababu inaweza kuiva. Ukiivundika shimoni, ukaifunika kwa majani, shimo hupata joto. Ndizi hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huharakisha kuiva kwa ndizi jirani. Kule kufunika kunaizuia isitoroke. Tunda lililokufa, kwa mfano lililochemshwa, huoza tu, haliivi.

Kiazi mviringo kinachochipua jikoni ni hai kwa sababu hiyohiyo. Sehemu za kiumbe hai hazifi zote kwa dakika moja.

Yai la kuku je?

Inategemea. Mayai mengi ya dukani hutoka kwa kuku wanaofugwa bila jogoo, hayajarutubishwa, na hayawezi kutotolewa hata yakiatamiwa mwaka mzima. Yai lililorutubishwa lina kiinitete hai tangu linapotagwa, kinasubiri joto. Likiatamiwa, kifaranga hutoka baada ya siku 21. Kati ya siku ya tano na ya saba, ukiliweka mbele ya tochi katika chumba chenye giza, utaona mishipa ya damu imetanda.

Katika jibu la mtihani andika "yai lililorutubishwa" au "yai lisilorutubishwa". Ukisema "yai" peke yake umeacha nusu ya swali.

Mbao, mkaa, karatasi na kiatu cha ngozi viko kundi gani?

Kwenye mtihani wenye makundi mawili, weka kwenye visivyo hai. Lakini darasani mimi hufundisha makundi matatu: vilivyo hai, vilivyokuwa hai vikafa, na ambavyo havijawahi kuwa hai. Mbao, mkaa, pamba ya shati na ganda la konokono aliyekufa viko kundi la pili. Jiwe, maji, chumvi na chuma viko la tatu.

Kundi la pili lina faida kubwa. Mwanafunzi akitazama kipande cha ubao kwa lenzi anaweza kuona vinyweleo ambamo maji yalipita mti ulipokuwa hai. Kwenye kipande cha chuma hataviona.

Nywele na kucha vinakua. Ni hai?

Sehemu unayoikata imekufa, ndiyo maana haiumi. Kinachokua kiko chini ya ngozi, kwenye shina la unywele na nyuma ya kucha, ambako seli hai huendelea kugawanyika na kusukuma zile zilizokufa nje.

Nilitembelea Mapango ya Amboni, kiongozi akatuambia mawe yanayoning'inia yanaendelea kukua. Jiwe linakuaje?

Alisema kweli, na ni mahali pazuri pa kupeleka darasa. Mapango hayo ya Tanga yako kwenye miamba ya chokaa. Maji ya mvua yanayopenya ardhini huyeyusha chokaa kidogo, na yanapodondoka ndani ya pango huiacha pale yalipoanguka au yalipoanzia. Tone juu ya tone, jiwe linarefuka, kwa kawaida chini ya milimita moja kwa mwaka.

Huko ni kuongezewa kutoka nje. Jiwe halikuchukua kitu likakigeuza kuwa mwili wake. Chokaa iliyokuwa ndani ya maji ndiyo ileile iliyoganda. Chumvi inayoganda kwenye uzi uliotumbukizwa ndani ya maji ya chumvi nzito hufanya hivyohivyo, na hilo mnaweza kuliona darasani.

Matumbawe ni mawe, mimea au wanyama?

Wanafunzi wa Pwani na visiwani huuliza hili zaidi, na wana haki, kwa sababu nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Matumbawe ni wanyama. Mnyama mmoja mmoja ni mdogo, laini, mwenye minyiri midogo ya kunasia chakula, na hujijengea chini yake kiota cha chokaa. Wengi wao huishi wakiwa wameungana. Ndani ya miili yao wamo mwani wadogo sana wanaofanya usanisinuru na kuwagawia chakula, nao huchangia sehemu kubwa ya rangi yao.

Kwa hiyo jiwe la ukutani ni mabaki, na tumbawe lililo majini linaweza kuwa hai. Tofauti yake ilionekana kwa uchungu mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida. Matumbawe mengi ya mwambao wa Afrika Mashariki yaliwapoteza mwani wao, yakageuka meupe, na mengi yakafa. Jiwe halifi kwa joto la maji kupanda kwa nyuzi moja au mbili. Mkienda ufukweni maji yakipwa, msiyakanyage.

Tunaweza kufanya jaribio gani la bei nafuu kuthibitisha kwamba hamira ni hai?

Tafuta chupa tatu za nusu lita na puto tatu. Chupa ya kwanza: kijiko cha hamira, vijiko viwili vya sukari, maji vuguvugu nusu chupa. Ya pili: vitu vilevile, ila hamira ichemshwe kwanza dakika tano kwenye maji, kisha yaachwe yapoe hadi yawe vuguvugu. Ya tatu: magadi na maji ya ndimu. Vika kila chupa puto mdomoni.

Puto la tatu litajaa papo hapo kisha lisiongezeke tena. La kwanza litachelewa, pengine nusu saa, halafu litaendelea kujaa polepole kwa muda mrefu. La pili litabaki limelala. Gesi ya chupa ya kwanza na ya tatu ni moja, kabonidayoksaidi, na ukiipitisha kwenye maji ya chokaa yatageuka meupe kwa zote mbili.

Walimu wengi huishia kwenye chupa ya kwanza. Tafadhali msiziache zile mbili. Ya pili inaonyesha kwamba joto linaua kilichokuwa kinafanya kazi, na ya tatu inaonyesha kwamba gesi peke yake haithibitishi uhai. Magadi yaliyochemshwa kwanza yangetoa gesi vilevile.

Funza hutoka wapi kwenye samaki au nyama iliyooza?

Kwenye mayai ya nzi. Kwa karne nyingi watu walidhani nyama yenyewe huzaa funza. Mwaka 1668 Francesco Redi wa Italia alichapisha jaribio lake: nyama kwenye vyombo vilivyo wazi na vingine vilivyofunikwa kwa kitambaa chembamba. Funza walionekana kwenye nyama iliyokuwa wazi tu. Juu ya kitambaa nzi walitaga mayai. Miaka karibu 200 baadaye Louis Pasteur alifanya jambo kama hilo kwa vijidudu, akitumia chupa zenye shingo ndefu iliyopinda. Mchuzi uliochemshwa humo haukuharibika, ingawa hewa iliingia, kwa kuwa vumbi lenye vijidudu lilinasa shingoni.

Jaribio la Redi mnaweza kulirudia kwa mikebe miwili na kipande cha chandarua.

Virusi ni viumbe hai?

Hapa wanasayansi wenyewe hawajakubaliana, na mwanafunzi anastahili kuambiwa hivyo. Virusi vina vinasaba na huongezeka, na hubadilika kizazi hadi kizazi. Lakini havina seli, havili, havipumui, havikui. Nje ya seli ya kiumbe mwingine havifanyi chochote. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley alifanikiwa kuvigandisha virusi vinavyoshambulia tumbaku vikawa fuwele, kama chumvi inavyoganda, na bado viliweza kuambukiza majani.

Tofauti hii ina uzito nyumbani. Penisilini hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria. Virusi havina seli wala ukuta, kwa hiyo mtoto mwenye mafua hasaidiwi na antibayotiki, hata akipewa nyingi kiasi gani. Anachofanyiwa ni kuwazoeza bakteria wengine mwilini kuihimili dawa hiyo. Kama kuna sehemu moja ya mada hii ningependa kila mzazi aisome, ni hii.

Mahindi yakiota ukungu, si tukiyapika kuvu watakufa na chakula kitakuwa salama?

Kuvu watakufa. Sumukuvu waliyoitoa haitakufa kwa sababu haikuwa hai. Ni kemikali, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi yenye ukungu yasiliwe na yasipewe mifugo.

Baghala hazai, na nyuki vibarua kwa kawaida hawazai. Wamekosa sifa moja, basi si hai?

Ni hai. Miili yao imejengwa kwa seli zinazogawanyika na kurithishana vinasaba kila siku, na wenyewe walizaliwa na viumbe hai. Bibi wa miaka 80 hazai pia.

Kinyesi ni takamwili?

Swali la mtego. Takamwili ni uchafu unaotengenezwa na seli: mkojo, jasho, kabonidayoksaidi. Kinyesi kwa sehemu kubwa ni mabaki ya chakula ambayo hayakumeng'enywa. Mitihani mingine hulipima hili.

Simu inayojibu maswali kwa akili mnemba ina uhai?

Haina. Inajibu, lakini haina seli, haijijengi na haijirithishi. Kuongea si miongoni mwa sifa saba.

Kuna mahali popote wanasayansi walishindwa kuamua kama kitu ni hai?

Kwenye sayari ya Mirihi. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani, Viking 1 na Viking 2, vilitua huko vikiwa na maabara ndogo. Katika jaribio moja udongo ulimwagiwa maji yenye virutubisho vyenye kaboni iliyotiwa alama ya mionzi. Gesi yenye alama ikatoka, jambo ambalo vijidudu vinavyokula wangefanya. Lakini kifaa kingine kilichotafuta kemikali zinazojenga miili ya viumbe hakikuona dalili ya kutosha. Wanasayansi wengi walihitimisha kuwa ni udongo wenyewe uliotoa gesi kwa kemia yake. Mwaka 2008 chombo Phoenix kilikuta huko chumvi ziitwazo perikloreti, ambazo zinasaidia kueleza matokeo hayo. Wachache wanaendelea kubisha.

Swali lao lilikuwa lilelile la chupa zenu tatu: gesi hii ni ya hamira au ya magadi?

Mtihani ukisema "Taja tofauti kati ya moto na kiumbe hai", niandike sentensi ngapi?

Mbili zinatosha zikiwa nzuri. Ya kwanza itaje jambo, ya pili ieleze linavyotokea. Kwa mfano: "Kiumbe hai hukua kwa kugeuza chakula kuwa seli za mwili wake. Moto huongezeka kwa kuunguza kitu kilicho nje yake na hauna seli." Kwa virusi, kama kitabu cha darasa lako kimeviweka nje ya viumbe hai, fuata kitabu na utoe sababu: havina seli na haviwezi kuongezeka nje ya seli za kiumbe mwingine.